Udongo wa Lukerya

Mwaka ule Artemi alipika udongo.
Alikodi boila ya mvuke kutoka Tartu
akayafukiza matuta yote ishirini na mawili,
toka kisimani hadi ukingo wa Ziwa Peipsi,
kwa kuwa uozo mweupe ulikula mavuno ya mwaka juzi
na benki haili visingizio.

Vikaja vitunguu vinene,
vyeupe kama mashavu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa,
vimelishwa mbolea ya gunia, havikukosa kitu.
Jikoni bibi yangu Ustinia akakata kimoja, akakata cha pili,
kisu kikapita kama kwenye tufaha.
Akajigusa chini ya jicho. Pakavu.
"Hiki," akasema, "kimelelewa bila jirani."

Julai inzi wakaja, wakataga.
Funza wakaingia pasipo hodi.
Ukivuta, majani yanabaki mkononi,
na chini, supu.

Virve wa chuo kikuu alileta hadubini
ndani ya boksi la viatu.
Akachemsha mizizi, akaitia wino wa buluu,
akamwita bibi aje atazame.
"Sioni kitu."
"Naam. Hamna kitu. Ndilo jambo lenyewe."

Kisha akaweka mzizi mwingine,
alioung'oa ng'ambo ya ua, kwa marehemu Lukerya,
ambako vitunguu vimejiotea miaka mitatu
bila mkono wa mtu.
Humo bibi akaona nyuzi
nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
na ndani ya chembe za mzizi, vijiti vyenye matawi,
kama mtu aliyeotesha mti katika punje ya mchele.

Ni kuvu, akasema Virve. Hubisha hodi.
Mzizi kwanza hushika rungu, hudhani ni mwizi.
Halafu hupatana bei: lete sukari, nikupe fosforasi,
na salfa ya mbali, ambako wewe hufiki.
Ila rungu halirudi darini.
Huegemezwa mlangoni.
Akija mtafunaji, mmea hauanzi kutafuta silaha gizani.

"Daima?" bibi akauliza.
"Mara nyingi. Si kila mmea, si kila mdudu."
Bibi alimpenda kwa jibu hilo,
akamfungia samaki wa moshi.

Jambo moja hakumwambia:
kwamba yeye na Lukerya hawakuamkiana miaka kumi na tisa,
kisa ua, shubiri moja ya ua,
na siku ya mazishi alisimama nyuma, macho makavu,
akihesabu mishumaa.

Aprili, barafu ikipasuka ziwani kwa mlio wa sahani,
alivuka na ndoo.
Hakumtuma Artemi. Alichota mwenyewe,
safari kumi na moja,
akazika kiganja kwa kiganja katika matuta yaliyopikwa,
akinong'ona kitu, huenda sala, huenda hesabu.

Sitasema inzi hawakuja.
Walikuja, na tuta la nne walilimaliza.
Lakini Septemba, kisu kilipozama tu,
pua zetu zikashtuka,
na bibi akasimama na nusu kitunguu mkononi,
machozi yakimtiririka
mpaka kwenye fundo la kitambaa chake.

Nilimpa taulo.
"Ni salfa," akasema.
"Salfa ya Lukerya. Kali tangu ujana."