Kaa Utulie

Printa haina rangi nyeupe.
Mwajabu aliniambia hilo siku ya kwanza,
akafungua ubavu wake nione vichupa vinne:
bluu, waridi, njano, nyeusi. Basi.
"Weupe ni wa karatasi," akasema,
"usipoukata ukaisha, unabaki kwenye nguo,
na mteja atakuuliza: hii ndui gani?"

Miezi saba nilikuwa wa fulana nyeupe,
za chanjo, za mahafali ya chekechea,
na nyeupe ina mila yake:
unayageuza maneno kwenye kompyuta,
unailaza karatasi kifudifudi,
moto unayageuza tena, yanasimama.
Uongo mara mbili, ukweli mmoja.

Nyeusi haitaki mzunguko.
Unaibandua karatasi ngozi ya nyuma,
unailaza chali, uso juu,
unaifunika, unashusha mkono wa mashine,
digrii mia na sabini, unahesabu hadi ishirini,
na harufu inapanda
kama kanga iliyopigwa pasi kwa haraka alfajiri ya sikukuu.
Nyeusi unaiambia jambo kama lilivyo.

Mimi nikageuza.

Dazeni moja, fulana nzito za Mtaa wa Kongo,
oda ya Shomvi, kinyozi wa Buguruni Malapa:
KAA UTULIE kifuani, kwa njano, mkasi chini yake.
Luku ilibakiwa na uniti tatu,
Mwajabu yuko msibani Mbagala,
nami nakimbizana na uniti.
Nilizungusha wembe kila herufi, goti la K, tumbo la U,
wala sikusoma.
Macho yalishazoea kinyumenyume,
na anayechambua mchele haoni pilau.

Ya kumi na mbili ilipopoa nikaiinua.
EILUTU AAK.
A, U, T na I hazijali upande;
K, L na E ndizo zilizonishtaki.
Mtoto wa jirani, aliyekuja kuomba maji ya kunywa,
akasoma silabi kwa silabi,
akauliza, "Kichina?"

Kilichoshikwa na moto hakirudi.
Nilijaribu moja kwa kucha,
ikatoka na manyoya ya nguo, ikaacha kovu.

Mwajabu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.
Alikaa juu ya boksi, akafungua daftari la madeni,
akaandika jina langu kwa herufi nzuri,
mbele yake: 12.
Shomvi akazichukua kwa bei ya matambara.
"Za kufutia vioo," akasema.

Nililipa kidogokidogo. Nilibadili njia ya kwenda nyumbani
nisipite Malapa.

Usiku wa kuamkia Idi, vinyozi wote wamejaa,
nikaingia kwa Shomvi nimeinamisha kichwa
kama mtu aliyekuja kukopa.
Kiti kikawa wazi. Kitambaa shingoni.
Nikainua macho kwenye kioo,
na nyuma ya kisogo changu,
kifuani mwa kijana anayeitwa Mbwana:

KAA UTULIE

imenyooka kama ilivyoandikwa madrasa ubaoni,
mkasi chini yake umefumba,
na kwenye U ya pili ule ukingo mweupe
ulioponyoka wembe wangu, nikaujua, ni wangu.
Nikageuka kumtazama mwenyewe: EILUTU AAK.
Nikarudi kiooni: KAA UTULIE.
Nikageuka tena.
"Kaa utulie," Mbwana akasema, kanishika utosi, "nitakukata."

Shomvi yuko kwenye benchi, anahesabu noti.
Hakuniangalia.
"Mteja haangalii kifua, anaangalia kioo," akasema.
"Nitengenezee nyingine sita.
Na safari hii usikosee:
zikosee vilevile."

Nikacheka, mashine ikanikwaruza juu ya sikio.
Kwenye daftari la Mwajabu
bado nadaiwa fulana mbili.