Kitako cha Kopo

Simu imefika mezani bado inanuka plastiki.
Muuzaji wa Nyawera amemwambia Mama Nsimire:
hii ni mashine, mama, alama laki nne na nusu,
tazama mwenyewe, zimeandikwa kwa kijani.
Akaiacha laini yake pale iwe rehani,
dola mia na ishirini zikabaki kwenye fundo la kitenge,
akapanda kuja kwangu, chini ya ngazi za Kadutu,
kwa sababu ni mimi niliyemtolea picha za marehemu
siku simu yake ya zamani ilipozama katika beseni la sambaza.

"Zihindula, laki nne ya nini?"

Swali hilo nimelala nalo mara nyingi.
Si franga. Si kilo.
Si hatua za miguu kutoka hapa mpaka Bagira.
Ni simu kuambiwa kimbia,
nayo ikakimbia palepale ilipokaa,
ikazidisha hesabu ambazo hakuna aliyeziuliza,
ikachora msitu ambao hakuna atakayeokota kuni humo,
halafu ikajipa maksi.

Nimesoma na watu wa namna hiyo:
mkaguzi akiingia, mikono yote juu;
mkaguzi akitoka, darasa ni soko.
Na zipo simu zilizofundwa hukohuko kiwandani
kumtambua mkaguzi kwa jina lake.

Wewe sambaza unaziuza kwa kopo.
Unajua kitako kikibonyezwa kidogo tu kwa ndani
mdomo unabaki uleule, urefu uleule,
na mteja anafika Panzi na mboga pungufu.
Anacheka.
Hakani.

Lakini nisiseme namba ni uongo, nitakuwa mwongo mimi.
Mwaka jana Akonkwa, kijana wangu wa bisibisi,
aliletewa boksi lenye jina kubwa, kioo kama maji ya ziwa asubuhi.
Tukaipima: elfu hamsini na mbili.
Tukaifungua: moyo wa mzee ndani ya shati la arusi.
Bila namba ile ningesema nini?
Ningesema, nahisi.
Na hisia ya fundi haijawahi kurudisha pesa ya mtu.

Basi tumeipima ya Nsimire.
Mara ya kwanza, laki nne na nusu kamili, muuzaji hakudanganya.
Tukaita Uvira, dada yake akapokea, wakaongea hadi bei ya mawese;
huku mjukuu anataka katuni,
huku pesa ya simu inazunguka, inazunguka,
mtandao ukiwa mstari mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.
Tukaiweka juu ya bati, saa saba, jua la kabla ya mvua.
Tukaiambia tena: kimbia.

Laki tatu na elfu tisini.

Tena.

Laki mbili na elfu kumi na moja,
na mgongo wake wa moto kama kiazi kilichotolewa jivuni.

Hapo ndipo namba ilipoanza kusema kweli:
ilipoulizwa mara ya tatu, imechoka,
haina mtu wa kumpendeza.
Nikaziandika zote tatu kwa kalamu kwenye kipande cha boksi
na chini yake, saa na jua.
Na mvua, akauliza, mvua ina namba gani?
Nikamwambia mvua bado haijaandikiwa.

Ameshuka Nyawera na kile kipande cha boksi.
Amerudi na simu ileile, kwa dola themanini na tano,
na hadithi ya jinsi muuzaji alivyosoma mwandiko wangu
akaanza kupanga vifuniko upya, kimyakimya.

Mimi amenilipa kopo la sambaza, limejaa mpaka linamwagika.
Kabla sijasema asante
kidole gumba changu kimeshafika chini, kinapapasa kitako.
Ameniona.
Hajakasirika.

"Pima tena kesho," amesema,
"likishapigwa jua."