Maji Utayakuta

Ndunge aliniletea programu yake ndani ya flashi
iliyofungwa kwa gundi ya karatasi, Alhamisi, baada ya mvua.
"Kwangu inafanya kazi," akasema,
kama mzazi anaposema, mwanangu hana shida.
Kwao, nani ana shida?

Kazi yake ni hii: unaipa bati, futi nane kwa nne,
unaipa vipimo vya sanduku la shule,
nayo inakuonyesha pa kukata
kisibaki kipande ila cha kutengenezea bawaba.
Babake aliyafanya hayo kwa jicho, pale Kamukunji,
penseli sikioni, haiandiki kitu.

Niliifungulia chumba kitupu,
mashine ndani ya mashine, isiyomjua mtu,
haina picha, haina herufi, haina jana.
Nikasema, haya, simama.
Ikaanguka mstari wa tatu.
Inataka maktaba ya kuchora. Nikaitia kwenye orodha.
Ikainuka, ikaanguka: inataka ile ya hesabu za pembe.
Nayo ya pembe ina mama yake, na mama ana shemeji,
na kabla ya saa nne usiku ukoo mzima umejaa sebuleni kwangu,
Zimmerman, ghorofa ya nne,
na tokeni za stima zimebaki saba.

Nikakumbuka sanduku langu la kwenda bweni.
Bluu. Mama ameshika orodha ya shule, anatia alama:
kufuli, rangi ya viatu, sabuni vipande vitatu,
wembe, sindano na uzi.
Mimi nataka kubeba mtungi uliojaa.
"Maji utayakuta," akasema.
"Beba ndoo."

Ndiyo sheria yetu wafungashaji.
Kilichoko huko usikibebe; kitaje, utaje na toleo lake.
Kila mgeni akija na kisima chake mgongoni,
siku kimoja kikitiwa sumu
nani atajua vingine vimefichwa wapi?

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kisichotajika.
Mistari kumi na moja, ya kugeuza inchi kuwa milimita.
Aliyeiandika hajibu tangu mwaka wa mafuriko;
barua zangu zinarudi zilivyokwenda.
Hakimo katika ghala lolote. Hicho nilikibeba,
nikaacha jina lake juu, palepale alipoliweka.

Kisha nikakuta njia iliyochongwa ndani ya msimbo:
nyumbani, ndunge, baba, vipimo.
Kila kompyuta duniani ingetumwa kubisha hodi kwao.
Nikaing'oa.
Chini yake palikuwa na nambari, robo inchi,
na maneno aliyojiandikia mwenyewe:
usiguse hii, ni ya kukunja ukingo usikate mtoto.
Sikuigusa.

Asubuhi nikampigia. "Hujaweka leseni."
"Ya kaunti?"
"Ya watu. Kwamba wanaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha."
Kimya. Nyuma yake nyundo, nyundo, nyundo.
"Kwani nisipoandika hawaruhusiwi?"
"Hawaruhusiwi."
"Baba hakumficha mtu pa kukatia," akasema. "Andika wanaruhusiwa."
"Sharti uandike wewe."
Akaandika kwa simu, amesimama, mkono mmoja umeshika bati.
Tarehe aliikosea. Nikamrudishia, akacheka, akairekebisha.

Jioni chumba kitupu kikasema ndiyo.
Bati likachorwa, mistari myembamba,
sanduku likiwa bado bapa, halijui kwamba ni sanduku.

Ikabaki nafasi moja wazi.
Mtunzaji, nukta mbili.
Hapo si pa sifa. Hapo ni mlango:
siku itakapogoma kwa fundi wa Lodwar
au kwa mtu ambaye lugha yake sitaijua hata jina,
atagonga kwangu, usiku kwangu, mchana kwake.

Nilinunua tokeni. Nikaosha kikombe.
Nikarudi nikaandika majina yangu yote matatu,
hata lile la katikati,
ambalo mama alilikwaruza kwa msumari
upande wa ndani wa kifuniko,
ili sanduku likipotea
lijue pa kurudi.