Shibiri Moja na Vidole Vinne

Shibiri moja na vidole vinne:
nimeupima mwenyewe, kwa kiganja changu,
mwanya ulio kati ya ukingo wa jukwaa na mlango wa behewa.
Upande wa huku, mimi na kiti changu cha magurudumu.
Upande wa kule, Jumanne.

Kituo chetu ni benchi, taa moja na kibao:
Rhyd-y-Frân, herufi zimeliwa na kuvu.
Hakuna karani, hakuna dirisha la tiketi.
Kuna kondoo wa Meurig wanaotafuna ua,
na mvua ya Welisi, isiyonyesha wala kuacha.

Treni hapa haisimami kwa hiari yake.
Kanuni imebandikwa kwenye kioo cha kibanda:
ABIRIA AINUE MKONO, DEREVA AMWONE.
Vyema. Lakini jukwaa limeinama kuelekea reli
kama mlevi anayetaka kukunong'oneza siri,
na breki yangu ya kushoto ina mambo yake.
Nikiinua mkono, gurudumu linakwenda.
Nikishika gurudumu, treni inakwenda.
Chagua, Tegwen.

Nilikuwa tarishi miaka ishirini na sita;
mlango gani wa bonde hili sikuufikia?
Nikachukua mpini wa fagio,
nikaufunga koti langu la kazi, lile la kung'aa,
nikauchomeka nyuma ya kiti.
Dereva wa kwanza akasimama. Wa pili pia.
Wa tatu alipita huku akinitazama.
Niliandika barua. Tarishi haogopi barua.
Jibu lilikuja baada ya wiki tano:
"Kanuni inasema mkono. Fagio si mkono."

Haya.
Glavu ya jikoni, nyekundu, ya kutolea mkate,
niliijaza sufu iliyonasa kwenye seng'enge,
nikaishona juu ya mpini, dole gumba wima.
Sasa nina mkono mrefu kuliko wa serikali,
na treni husimama.

Kusimama si kupandwa.
Siku moja kabla, sharti nipige simu.
Sauti ya msichana wa mbali huuliza: sababu ya safari?
Anatarajia hospitali; namsikia akiilainisha sauti.
"Dhumna," nasema. "Hefin wa Abergelyn ananidai paundi tatu."
Kimya. Anatafuta kisanduku cha kutia alama.

Kisha Idwal, kondakta, hushuka na bao lake la chuma,
hulifungua kufuli, hulilaza, ngo! ngo!
kama kengele ya kumtangaza bibi harusi asiyetakiwa.
Behewa zima hugeuka. Mtu hutazama saa.
"Samahani kwa kuwachelewesha," nasema,
mimi niliyefika kabla ya kunguru.
Wenzangu hulipa nauli.
Mimi hulipa nauli na asante,
kwenda na kurudi.

Jumanne iliyopita Idwal alikuwa na mafua.
Aliyekuja badala yake, kijana, masikio mekundu,
aliliona bao, hakuwa na ufunguo.
Alijipapasa mifuko yote, hata wa shati.
Aliupima mwanya kwa macho, akakipima kiti, akanipima mimi.
"Naweza kukubeba," akasema, chini chini.
Nimebeba barua za bonde zima, kijana,
za posa, za madeni, za misiba.
Mimi si barua.
"Niandikie tu," nikamwambia, "kwamba nilikuwepo."
Akaandika nyuma ya tiketi tupu, saa na dakika,
mkono wake ukitetemeka kuliko wangu.

Treni ikaondoka.
Dirisha la mwisho, mtoto aliyebana pua kwenye kioo
aliiona glavu juu ya kichwa changu,
akainua mkono kuipungia.
Upepo ulivuma. Glavu ikamjibu.

Ile tiketi nimeibandika kibandani,
chini kidogo ya kanuni, kwa gundi ya bahasha,
mahali ambapo aliyekaa anaweza kusoma
na aliyesimama sharti ainame.
Saa tatu na dakika arobaini na mbili.
T. Prydderch. Alikuwepo.