Maandishi kwenye Mfuko wa Mkate

Saa kumi alfajiri, Punta Arenas,
upepo unagonga mabati ya duka kama mdai.
Nakanda unga. Baltazar yuko chini ya meza,
anatafuna ncha ya aproni yangu,
anaisikiliza mashine
kwa utulivu ambao hajawahi kumpa binadamu.

Ana miaka saba. Hajasema neno.
Hapana, nimekosea: alisema "maji"
siku moja ya Julai, theluji ikidondoka,
kisha akalirudisha neno alikolitoa,
na mimi hadi leo naacha bomba lichuruzike.

Miaka minne tulipewa majina.
Kadekezwa. Bubu. Kapigwa na upepo, alisema mama mkwe.
Mwalimu wa kwanza aliandika: hana adabu.
Nami, niliandike hili pia,
nilimwamini mwalimu mwezi mzima.

Mpaka siku alipoweka kiganja kwenye mlango wa tanuri
akakiacha palepale.
Hakulia.
Mimi ndiye niliyesikia harufu.

Damu yake ikapanda ndege hadi Santiago,
ikaenda mbali zaidi, ndani ya kichupa,
ikarudi karatasi:
kromosomu ya ishirini na mbili, ncha imekatika.
Daktari Ossandón alichora mstari kwa penseli,
akafuta kipande cha mwisho,
akapuliza vumbi la kifutio mezani.
Nililitazama lile vumbi.
Nilitaka kuliokota.

Na usonji pia, akasema,
kama muuza duka anayekumbuka nyongeza.
Wako wangapi kama yeye?
Mkoani kwenu, akasema, namjua yeye tu.

Yeye tu. Nilirudi nayo njia nzima.
Maradhi ya wengi yana siku yake na utepe wake.
Sisi tuna mifuko ya mkate.
Milenka, dada yake, ndiye mwenye mwandiko mzuri;
tulijaza mia mbili usiku mmoja:

*Ukimkuta dukani, masikio ameziba,*
*Usinong'one pembeni, ya kwamba malezi haba,*
*Ni uzi mmoja ndani, mwishoni haukushiba,*
*Msalimu kwa makini, subiri, jibu si haba.*

Don Hernaldo aliurudisha mfuko wake. Mkate alikuwa ameshakula.
"Sinunui mkate ili nihubiriwe."
Mama wa buchani aliubandika wake kiooni, kichwa chini.
Mwingine aliniletea mishumaa;
nikamwambia, mama, hajafa.
Fundi redio peke yake, kijana mwenye kigugumizi,
ndiye aliyeuliza la maana:
"Aki-akiumia, nitajuaje?"

Unga ulinikaukia mikononi nikimweleza.
Tazama mguu unaokanyaga nusu.
Tazama masikio yakiwa mekundu, kicheko kisicho na mzaha.
Maumivu yake ni barua yenye anwani iliyofutika:
hufika, lakini hufika kwa jirani.
Jirani ni wewe.
Aliandika yote nyuma ya risiti,
akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati.

Jumanne upepo ulichacha,
manispaa wakafunga kamba kwenye kona
ili watu wavuke bila kubebwa.
Baltazar aliishika kwa mikono miwili,
akafungua kinywa, upepo ukaingia,
naye akawa amejaa, anang'aa mashavu.
Katikati ya barabara akasimama.
Akalaza sikio juu ya kamba, ikivuma.
Foleni yote ikasimama nyuma yetu,
kofia zimeshikwa, shali zinapigana,
na aliyetufuata, mkono kwenye kamba ileile, alikuwa Don Hernaldo.

Niligeuka tayari kuomba radhi.
Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtoto,
kisha, polepole, kamba.
Nilihesabu hadi arobaini na moja.
Hakuna aliyesema kitu.