Boya Ndani ya Buti

Mabuti haya niliyachambua Mlango Mmoja,
chini ya rundo la makoti mazito ambayo Mwanza haiyahitaji.
Ngozi nzima, soli ina meno; kamba tu nikanunua.
Miaka mitatu yamenipandisha Mabatini,
Igogo, Bugarika, mwamba kwa mwamba,
kusoma mita za maji za watu
waliojenga pale ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza.

Mwaka huu miguu ikaanza kunidai.
Si vidoleni. Chini, katikati ya unyayo,
kama mtu anakaza parafujo kila ngazi ninayoshuka.
Siri ya mtungi, wanasema, aijuaye kata.
Siri ya buti kiulizwe kisigino:
chenyewe kilikuwa kinasema tangu saa nne asubuhi,
mimi naandika 00417,
mwenye nyumba analalamikia bili,
nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Nunua mengine," akasema Kahindi wa ofisini.
Mengine ni mshahara wa wiki mbili,
na mtoto wa dada yangu bado anadaiwa sare.

Nikayapeleka Kirumba, kwa Lushinge.
"Mwangaluka," nikasema. Akaitika bila kuinua macho,
kreti la soda lililopinduliwa ndiyo meza yake.
Soli hakuitazama. Aliingiza mkono ndani
kama mkunga,
akavuta kitu cheusi, chembamba,
kikavu kama dagaa aliyesahauliwa juani.
"Umeona?"
Nikaona: shimo la kisigino, vishimo vitano vya vidole,
kidole gumba kirefu kuliko changu,
uzito wote umeegemea upande wa nje.
Mtu wa nchi ya baridi, nisiyemjua jina,
alikwisha kujichimbia bonde lake mle,
nami miaka mitatu
natembea bondeni mwa mtu.

"Vua soksi."
Akaulowesha unyayo wangu kwa maji ya kopo
(lita ngapi? nikajiuliza; kazi haitoki mwilini),
akanisimamisha juu ya kadibodi ya sabuni.
"Maji hayapendelei," akasema.
Alama ikabaki: mfupi, mpana,
na pale katikati umelala wote
kama godoro la gesti.

Akakata ndala kuukuu, ya bluu,
akaifuata ile alama kwa kisu, si ile ya mgeni.
Kisha akapekua gunia, akatoa boya la wavu,
jeupe lililogeuka manjano, bado lina harufu ya sangara.
Akalichonga, akalipuliza vumbi, akalichonga tena,
mpaka likawa kipande cha mwezi mchanga,
akaligandisha chini ya ndala, penye kulala kwangu.
"Hili limebeba nyavu usiku kucha lisizame.
Litashindwa na wewe?"

Tukasubiri gundi ikauke.
Nilikaa peku juu ya jiwe lenye joto,
ziwa limetulia mbele yetu,
maji yote yale na hakuna mita.
Elfu nne. Sikuomba apunguze.

Sitadanganya: siku ya kwanza liliuma.
Boya lilinisukuma, nami nikalisukuma,
tukashuka Igogo kama wake wenza kwenye kanga moja.
Siku ya pili nilimlaani Lushinge mbele ya mteja.
Siku ya nne, ngazi ya arobaini na kitu,
nikashtuka kwamba nasikia jogoo,
nasikia sufuria, nasikia redio ya jirani ikisoma vifo.
Kumbe vyote vilikuwepo.
Maumivu ndiyo yalikuwa yanaongea juu yao.

Jumamosi nilizitoa nizianike dirishani.
Kwenye bluu ya ndala kulikuwa na alama,
hafifu, lazima uinamishe kwenye mwanga:
kidole gumba. Kifupi. Changu.
Nikaisoma kama mita iliyofungwa jana:
sifuri, sifuri, sifuri, sifuri,
moja.