Upupu Usiowasha

Mwenye akili hapandi upupu shambani mwake.
Mama akapanda.
Debe zima, katikati ya mistari ya mahindi,
kwenye mteremko wa kukodi wa Don Facundo,
ambako jembe liligonga mawe tangu enzi za babu.

"Huu hauwashi," alisema,
akalisugua ganda shavuni mbele ya majirani
ili wacheke vizuri.
Baba naye alicheka, kiberiti kikilia mfukoni:
kwa Nicanor, shamba lisilochomwa
ni kitanda kisichotandikwa.

Mvua zikaja. Upupu ukaparamia mabua makavu,
ukafunika mlima hadi mbuzi wa Teófila
akapotea humo siku mbili, akatoka amenenepa.

Desemba tuliushusha kwa panga.
Hatukuwasha kitu.
Tulitoboa yale majani kwa mti uliochongwa,
punje tatu kila shimo,
na harufu ikapanda, kama chai iliyosahaulika kikombeni.

Mwaka wa kwanza, niseme kweli, hakuna kilichotokea.
Wa pili, magunia saba.
Wa tatu, kumi na manne,
na minyoo minene kama kamba za viatu.
Mama aling'oa mzizi mmoja, akapasua kinundu kwa ukucha:
ndani chekundu, kama nyama.
"Hapa ndipo upepo unapogeuka tortiya," alisema,
akaufukia upesi, kama aliyemvua mtoto nguo hadharani.

Ndipo Don Facundo akaja na nyumbu wake.
Hakusalimu mahindi. Aliinama,
akachota udongo, akaunusa,
akajifuta mkono kwa leso, polepole.

Barua ilifika Jumanne.
Kodi mara tatu, au tuhame.
Udongo ulikuwa umenona;
walioulisha hawakutajwa.

Tulihama baada ya kuvuna.
Mlima mpya una mawe kuliko ule wa kwanza,
na mkataba huu mama ameusoma mara nne,
kidole chini ya kila neno: miaka minane,
na sahihi ya shahidi.

Kule chini, wanasema, ng'ombe wa Don Facundo
wamekanyaga kila kitu, na bado
upupu unachipua kwenye nyayo zao.

Jana nilimsikia baba akipanda njia.
Mfuko wake ulilia, lakini si kiberiti.
Alikaa juu ya jiwe, akazimwaga mbegu kwenye kofia,
akazihesabu, akazihesabu tena.
Hazitoshi.
Akaanzia upande wa juu.